Ilete Kazi Yako Kabla Haijaisha

Alizeti ikishapigwa na mtama ukishaingia ghalani, hapa Issuna kazi za shamba hupungua. Si kwamba mama anapumzika. Maji yanatekwa vilevile, kuni zinatafutwa vilevile. Lakini saa za alasiri zinapatikana kidogo. Hapo ndipo sindano na nyuzi zinapotoka, na kina mama wanakaa kibarazani au chini ya mti. Mmoja anadarizi shuka. Mwingine anafuma kitambaa cha kochi kwa kroshia. Wengine wamejifunza batiki. Na bibi yetu pembeni anasuka kikapu chake kama alivyofundishwa na mama yake, wala hahitaji semina.

Leo sitaki kufundisha kudarizi. Wengi wenu mnajua kuliko mimi. Nataka tuzungumze jambo moja ambalo vikundi vingi vinaliacha, nalo ni kuonyeshana kazi ambayo bado haijaisha.

Hebu tuangalie mambo yanavyokwenda mara nyingi. Kikundi kina wanachama kumi. Kila mmoja anafanya kazi yake nyumbani, usiku, kwa taa. Siku ya kikundi anakuja mikono mitupu, au anakuja na kazi imefungwa ndani ya kanga. Ukimwuliza, "Mwenzetu, umefika wapi?" anakujibu, "Bado, mtaiona ikiisha."

Basi siku inafika, kazi imeisha, anaifungua. Wenzake wanaitazama. Maua ya upande huu yamekaa chini kuliko ya upande ule. Wote wanaona. Lakini nani atasema? Kazi imeisha, na mwenzao amechoka. Wanasema, "Hongera mama, imependeza." Anaipeleka mnadani. Mnunuzi anaikunja shuka katikati, anaona pande hazilingani, anairudisha mezani. Au anasema, "Nitakupa nusu."

Sasa tufanye hesabu. Tuseme shuka na foronya zake mbili vimemgharimu mama huyu shilingi 18,000 za kitambaa na shilingi 6,000 za nyuzi. Jumla ni shilingi 24,000. Alitegemea kuuza kwa shilingi 45,000. Kwa sababu ya maua yaliyopinda, ameuza kwa shilingi 25,000. Kilichobaki mkononi ni shilingi 1,000. Amedarizi usiku 20. Gawa mwenyewe. Ni shilingi 50 kwa usiku mmoja, na mafuta ya taa au chaji ya taa ya jua hatujayahesabu, wala macho yake.

Kama angeuza kwa bei aliyotaka, angebakiwa na shilingi 21,000. Tofauti ni shilingi 20,000. Fedha hizo zimepotea kwa jambo ambalo mwenzake angeliona siku ya kwanza, na kulirekebisha kungekuwa kazi ya dakika kumi.

Kwa nini basi tunaficha?

Wengi huficha kwa aibu. Kazi ambayo haijaisha haina sura nzuri. Nyuzi zinaning'inia, alama za penseli zinaonekana, kitambaa kimeshika jasho. Mtu anaona kama amekutwa jikoni chakula hakijaiva. Hii ni aibu ya bure. Kila aliyekaa hapo kwenye mkeka anajua kazi inavyoanza.

Wengine wanaogopa kuibiwa ua. Hofu hii si ya bure, nitairudia chini.

KILA KAZI INA SAA YAKE

Ukisema tu "tuonyeshane kazi," watu watakuja siku yoyote na chochote. Haifai hivyo. Kazi za mikono hazifanani. Ziko zinazofumuliwa zikarudi kama mwanzo. Ziko zinazofumuliwa zikabaki na makovu. Na iko kazi ambayo ukikosea, umekosea. Kwa hiyo kila moja ina saa yake ya kuletwa.

Tuanze na kroshia, maana ndiyo rahisi. Uzi wa kroshia ukiuvuta unafumuka wote, na uzi ule ule unaufuma tena. Hata hivyo usingoje kitambaa kiwe kikubwa. Kama unafuma cha mviringo, kilete kikiwa na upana wa kisahani cha chai. Kilaze juu ya kitu kilicho sawa, usikivute. Kikitulia, endelea. Kama kingo zinapandapanda kama mawimbi, umezidisha vishimo. Kama kinajikunja kama bakuli, vimepungua, au mkono wako unakaza uzi mno. Katika upana wa kisahani unafumua mizunguko miwili mitatu. Katika upana wa sinia unafumua wiki nzima.

Kikapu nacho mwangalie kitako chake. Kitako kikifika upana wa kiganja, kisimamishe mbele ya wenzako. Kikiwa kimeinuka upande mmoja, kikapu chote kitasimama hivyo mpaka kife. Bibi zetu wanaona jambo hili kwa kupapasa tu, bila kutazama. Msiwaache nyuma kwa sababu wao hawadarizi.

Kudarizi kuna ugumu wake. Watu husema, "Si nitafumua tu?" Utafumua, ndiyo. Lakini sindano imekwisha kutoboa. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana hubaki na vitundu, na uzi mweusi ukitolewa kwenye kitambaa cheupe huacha vumbi lake. Kwa hiyo saa ya kuonyesha kazi ya kudarizi ni kabla ya uzi wa kwanza. Umekwisha kuchora maua kwa penseli au kwa karatasi ya kaboni, sasa kilete. Mkikunje katikati, halafu mkikunje tena, mkiinue kwenye jua. Mwanga utapita. Ua la pembe hii likikaa juu ya ua la pembe ile, mko sawa. Lisipokaa, futa, chora upya. Hakuna uzi uliopotea.

Siku hiyo hiyo jaribu nyuzi zako. Kata kipande cha kila rangi, kiloweshe, kibane ndani ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Nyekundu ndiyo msaliti mkubwa. Ikiacha doa, usiitumie kwenye shuka nyeupe, hata kama muuza duka ameapa. Mnunuzi akifua mara moja shuka ikageuka ya waridi, hatarudi kwako tena, na atawaambia wenzake.

BATIKI HAISUBIRI

Hapa naomba tukae kidogo.

Batiki ni ufundi wa kuzuia rangi kwa nta. Watu wa kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, wamesifika sana kwa kazi hii, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiandika batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwetu Tanzania vikundi vingi vya kina mama vimejifunza. Sisi wa mkoa wa Singida tuna bahati moja. Nta ya nyuki tunayo. Warina asali wa upande wa Manyoni na Itigi wanaifahamu vizuri.

Unapaka nta ya moto mahali ambapo hutaki rangi iingie. Unachovya kitambaa katika rangi. Kikikauka unapaka nta tena mahali pengine, unachovya rangi ya pili iliyokolea zaidi. Mwisho unakichemsha, nta inatoka, na mapambo yanaonekana. Rangi huanza nyepesi, kisha nzito. Njano kwanza, nyekundu baadaye, nyeusi mwisho. Ukianza na nyeusi umefunga mlango, njano haitaonekana juu yake.

Sasa unaona shida iko wapi. Rangi haifumuliwi. Nta ikidondoka mahali pasipo pake, tone lile litakuwa doa jeupe. Ndiyo maana mwenye batiki haleti kazi mara moja. Analeta mara tatu.

Mara ya kwanza alete mchoro, ukiwa kwenye karatasi au umechorwa kwa mkaa kwenye kitambaa. Kitambaa kiwe kimekwisha kufuliwa. Kitambaa kipya cha dukani kina dawa ya kukifanya kiwe kigumu, na dawa hiyo inazuia rangi. Pia kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Wenzako waulize, "Umefua?" Swali dogo, lakini limeokoa majora mengi.

Mara ya pili alete kipande cha majaribio. Kata kipande cha upana wa kiganja kutoka kitambaa kile kile. Kipake nta, kichovye, kikaushe. Usiamini rangi ukiwa umeinama kwenye ndoo. Rangi ikiwa na maji huonekana nzito kuliko ilivyo, na nyingi za batiki hubadilika zikipata hewa. Kikikauka ndipo mnakipitisha mkono kwa mkono. Mtazame na upande wa nyuma. Nta iliyopakwa vizuri hupenya mpaka nyuma, na mahali pale kitambaa huonekana kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Nta ikikaa juu tu, nyeupe, haikuwa na moto wa kutosha. Rangi itapita chini yake kama maji chini ya mlango.

Mara ya tatu alete kitambaa chenyewe kikiwa kimechovywa rangi ya kwanza, kabla ya nta ya pili. Hapa bado kuna nafasi. Tone la bahati mbaya lililodondoka pembeni linaweza kugeuzwa kuwa jicho la ndege au mbegu ya alizeti. Mmoja atasema, "Ongeza na upande huu matone mawili, yatalingana." Akili ya mtu mmoja aliyekasirikia kosa lake haioni hivyo. Ya mwenzake inaona.

Nikiwa hapo hapo kwenye batiki, yako mambo ya hatari, nayo hayangoji siku ya maonyesho. Nta ikianza kutoa moshi, itoe jikoni haraka, iko karibu kuwaka. Ikiwaka, usimwagie maji kamwe. Funika sufuria kwa mfuniko au mwaga mchanga. Dawa ya kostiki inayotumika kuchanganyia rangi huunguza ngozi na macho. Weka maji kwanza kwenye chombo, halafu utie kostiki kidogo kidogo, usifanye kinyume. Vaa glovu. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kostiki inaila. Watoto wawe mbali. Na kwa upepo huu wetu wa Singida, pakeni nta nyuma ya ukuta au ndani ya nyumba yenye madirisha wazi. Upepo huipoza nta kabla haijafika kwenye kitambaa, tena huleta vumbi.

NAMNA YA KUSEMA

Kikundi kimekaa, kazi imewekwa katikati. Sasa nani aanze?

Aanze mwenye kazi. Aseme anataka aangaliwe nini. "Nina wasiwasi na pembe hii." Au, "Rangi hizi mbili zinaelewana?" Akishasema hivyo, wenzake wana njia ya kuingilia. Asiposema kitu, watu husifu tu. Sifa hazimsaidii. Au husema kila kitu kwa pamoja, na mama wa watu anaondoka amevunjika moyo.

Maneno nayo yana uzito. Ukisema, "Dada, wewe huwezi kupima," umemsema mtu. Ukisema, "Dada, ua hili limepita mstari kwa kidole kimoja," umesema kazi. Dada atachukua kidole chake apime. Huenda akakuta umekosea wewe.

Tuseme binti mmoja ameleta shuka yenye mchoro wa alizeti kubwa katikati. Bibi anaitazama, anasema:

"Mwanangu, alizeti hii inatazama wapi?"

"Juu, bibi."

"Alizeti iliyobeba hivi inainamisha kichwa. Ya kwako imebeba mbegu lakini imesimama kama ua changa."

Binti ana hiari. Anaweza kuinamisha ua, au akaliacha kwa sababu analipenda hivyo. Kazi ni yake. Kikundi hakipigi kura juu ya ua la mtu. Hili nalisisitiza, maana viko vikundi ambavyo katibu au mwalimu hugeuka kuwa hakimu, na baada ya miezi michache kila shuka imefanana na ya mwalimu. Mnunuzi akiona shuka kumi zenye ua moja hununua moja tu.

Walio wageni katika kikundi wasianze kuonyesha wao. Waanze mafundi. Fundi akileta kazi yenye kosa, akasema, "Hapa nimepotea, nisaidieni," mgeni atapata nguvu ya kufungua kanga yake wiki ijayo.

WENGINE WANAFANYAJE

Desturi hii si ya Issuna peke yake. Nenda pwani, Zanzibar au Lamu, utaona kofia nyeupe zinazodariziwa kwa mkono. Kofia moja ni kazi ya wiki nyingi. Ina vipande viwili, cha juu cha mviringo na cha pembeni kinachozunguka kichwa. Mapambo huchorwa kwanza, kila kipande kikadariziwa peke yake, na mwisho vinaunganishwa. Kabla ya kuunganishwa, vipande viko wazi na kosa linaweza kuonekana. Vikiisha kuungana, kofia ni kofia.

Tutoke mbali zaidi. Katika jimbo la Alabama, nchi ya Marekani, kipo kijiji kinaitwa Gee's Bend, kwenye kona ya mto. Wakazi wake ni watu weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliolima pamba hapo. Kina mama wa huko walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani na mashati, kwa sababu baridi ilikuwa kali na fedha hazikuwepo. Kila mama alipanga viraka vyake nyumbani mwenyewe, kwa akili yake. Kisha kipande hicho cha juu kilitandazwa kwenye fremu, na wenzake wakakaa kuizunguka na kukishona pamoja na matandiko ya chini. Mwaka 1966 kina mama wa eneo lile walianzisha ushirika wa kuuza mablanketi hayo, ukaitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, halafu New York, na watu wa mjini wakapanga foleni kutazama suruali kuukuu za wakulima.

Angalieni walivyogawa kazi. Kupanga, mtu peke yake. Kushona, pamoja. Hawakufanana, wala hawakufichana.

UA NI LA NANI?

Nilisema nitarudi kwenye hofu ya kuibiwa. Mama ameleta mchoro wake mpya. Mwenzake ametoa simu, amepiga picha. Wiki ijayo ua lile lile liko mnadani, na aliyelibuni hajamaliza hata foronya moja. Jambo hili lina uwezo wa kuvunja kikundi kuliko hata fedha.

Maua ya zamani, yale ambayo kila bibi anayajua, ni ya wote. Hayana mwenyewe. Lakini mchoro ambao mtu ameubuni mwenyewe ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, na za mikono zimo. Hata hivyo kukimbilia sheria kwa ajili ya ua la foronya ni mbali. Kikundi kiwe na makubaliano yake, yaandikwe, yasomwe kwa sauti. Kwa mfano: simu haipigi picha ya kazi isiyokwisha bila ruhusa ya mwenyewe. Mwenye kubuni ua auze peke yake msimu mzima, na mwenzake akilitaka aombe. Akiruhusiwa, abadilishe rangi. Kina mama wengi wataruhusu wakiombwa. Kinachouma ni kuchukuliwa kimya kimya.

Na makubaliano hayo yana maana tu kama imeandikwa nani alileta nini, na lini. Hapo ndipo kisomo chenu kinapoingia. Katibu awe na daftari. Siku ya kuonyeshana aandike tarehe, jina la mwenye kazi, kazi gani, imefika wapi, na wenzake walisema nini. Mistari minne inatosha. Ikitokea ugomvi wa ua, daftari linafunguliwa. Aliyeandikwa tarehe ya kwanza ndiye mwenye ua, na maneno yanaishia hapo.

Mwenye kazi naye awe na karatasi yake ndogo, aibane kwa pini kwenye kitambaa. Aandike bei ya kitambaa, bei ya nyuzi, na kila jioni achore kistari kimoja. Kazi ikiisha, anahesabu vistari. Mnunuzi akimwambia, "Mama, punguza," atajua apunguze mpaka wapi, na akifika hapo aikunje shuka yake.

Vile vipande vya majaribio ya batiki msivitupe. Kila kimoja kishonwe kwa nyuzi mbili kwenye ukurasa wa daftari. Pembeni yake iandikwe rangi gani, vijiko vingapi, maji kiasi gani, na kilikaa ndani kwa dakika ngapi. Kurasa chache zikijaa, anayetaka njano ile ya mwaka jana hatakisia tena. Atafunua daftari, aweke kidole juu ya kipande, na asome.